Tumeumbwa kwa Kazi Gani?



Ndugu wasomaji, mwaka jana, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja alibaki msikitini hapa Myamba hali wenzake wote wamekwisha kwenda zao. Kijana huyu namjua tangu alipokuwa akishika ubao wa alifu na be. Alimaliza kidato cha nne, akashuka Same mjini kutafuta kazi, akafika hata Dar es Salaam, kisha akarudi mlimani kwa mama yake hana kitu ila simu na begi la nguo. Nilidhani ataka nimkopeshe nauli. Kumbe haja yake ilikuwa nyingine. Akaniuliza, "Maalim, mimi Mungu ameniumba kwa kazi gani?"

Nilimjibu kama nilivyofundishwa na masheikh wangu, na kama ninavyowafundisha watoto kila mwaka, ya kuwa Mola wetu ametueleza katika sura ya Adh-Dhaariyaat, aya ya 56, kwamba hakuwaumba majini na watu ila wapate kumwabudu. Jibu hilo ni la haki wala hapana Mwislamu awezaye kulipinga. Lakini kijana hakuondoka. Alitazama mkeka kwa muda, kisha akasema, "Hilo nalijua, Maalim. Uliniambia nikiwa na miaka minane. Naswali swala tano, nafunga Ramadhani. Lakini baina ya Alfajiri na Adhuhuri mna saa nyingi, na katika saa hizo sijui mimi ni wa nini."

Nakiri mbele yenu ya kuwa nilinyamaza. Nimefundisha madrasa kwa miaka zaidi ya ishirini, na swali hilo lilinikuta sina la kusema ila, "Kalale, mwanangu, tutazungumza kesho."

Usiku ule usingizi ulinipaa. Nikawaza, je, ibada ni zile dakika chache tunazosimama na kurukuu na kusujudu, na saa zilizosalia ni zetu wenyewe, kama mshahara uliobaki baada ya kulipa deni? Kama ni hivyo, basi kijana yule ana haki ya kulalamika, kwani sehemu kubwa ya umri wake imeachwa bila kazi. Lakini Mola wetu ametuambia pia, katika sura ya Al-Mulk, aya ya 2, ya kuwa ameumba mauti na uhai ili atujaribu, ni yupi kati yetu mwenye vitendo vizuri zaidi. Na mtihani huo hauna saa ya kufungwa. Mtu yu mtihanini akiwa shambani, akiwa sokoni, na akiwa mlangoni pa jirani yake.

Kesho yake, watoto walipokuja chuoni, zamu ilikuwa ya darasa dogo kusoma sura ya Al-Maa'un. Sura hii ina aya saba tu. Kwa ajili ya ufupi wake watoto huihifadhi mapema, na sisi watu wazima huikimbilia katika swala tukiwa na haraka. Wallahi nimeisoma mara zisizo na hesabu. Lakini siku ile, nikiisikia katika vinywa vya watoto, niliona kama naisikia kwa mara ya kwanza.

Tazameni, ndugu zangu, jinsi sura hii ilivyopangwa. Yaanza kwa kuuliza kama tumemwona yule anayeikadhibisha dini. Msikilizaji hungoja atajiwe mwabudu masanamu. Hatajiwi huyo. Anatajiwa mtu anayemsukuma yatima, tena asiyehimiza kumlisha maskini. Kisha linakuja onyo kali kwa watu wanaoswali, naam, wanaoswali! Ni wale walioghafilika na swala zao, wanaojionyesha kwa watu, na mwisho kabisa, wanaonyima maa'un. Na maa'un ni nini? Wako wanazuoni waliosema kuwa ni zaka. Na imepokewa kwa Ibn Mas'ud, Mwenyezi Mungu amwie radhi, ya kuwa ni vile vitu vidogo ambavyo watu huazimana nyumba kwa nyumba, kama vile chungu na ndoo na shoka.

Ndoo na shoka! Mtu aweza kushindwa mbele ya Mola wake kwa ajili ya ndoo aliyomnyima jirani, na hali paji lake la uso lina alama ya sijida.

Sisi watu wa Upare hatuna udhuru wa kutolielewa jambo hili, maana wazee wetu waliishi kwa namna hiyo tangu hawajaijua kalima. Yeyote aliyekulia milima hii aijua ndiva. Ni bwawa lililojengwa kwa udongo na mawe mahali ambapo maji ya kijito yanaweza kukusanywa. Usiku hufungwa likajaa, na asubuhi hufunguliwa, maji yakateremka kwa mifereji mpaka mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Ile ya Manoo, huko Bangalala, imewaleta hata wataalamu wa nchi za mbali kuja kuitazama. Ndiva haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Tope huijaza, na ukuta wake hubomoka, na mifereji huziba kwa majani. Na mwenye kuitengeneza pekee yake hajazaliwa. Ndiyo sababu kukawa na msaragambo. Watu waliitwa kwa sauti ya pembe, wakatoka kila nyumba na jembe lake, wakazibua mfereji au wakatengeneza njia, na asiyetoka pasipo udhuru alitozwa faini. Siku hizi wengi wetu hulipa fedha ili wasitoke. Fedha yazibua mfereji, sikatai, lakini haimjulishi mtu jirani yake wa juu ni nani wala wa chini ni nani.

Na ugomvi wa maji ni ugomvi wa zamani mno. Bukhari na Muslim wameupokea ule wa Madina, baina ya Zubair bin Al-Awwam na mtu mmoja katika Ansari, juu ya mfereji wa Harra uliokuwa ukinywesha mitende. Shamba la Zubair lilikuwa juu. Yule Ansari alitaka maji yaachiliwe yapite, Zubair akakataa, wakapelekana kwa Mtume (S.A.W.). Mtume alimwelekeza Zubair anyweshe, kisha ampelekee jirani yake maji. Yule mtu akakasirika, akadai kuwa Zubair amependelewa kwa sababu ni mtoto wa shangazi yake Mtume. Uso wa Mtume ukabadilika, na sasa akamwamuru Zubair anyweshe na kuyazuia maji mpaka yafike kwenye kuta, maana hiyo ndiyo iliyokuwa haki yake kamili.

Nimekisomesha kisa hiki mara nyingi, na kila mara nilikuwa nikimlaumu yule Ansari kwa ulimi wake. Hiyo ni kweli. Lakini kuna jambo nililokuwa nikilipita mbio. Hukumu ya kwanza, kabla mtu hajakasirika, ilikuwa ni hukumu ya ihsani. Zubair alikuwa na haki ya zaidi, na Mtume alimtaka achukue haja yake, kisha amkumbuke aliye chini.

Hapa sina budi kusimulia habari isiyonipendeza. Imepita sasa miaka mitatu. Nina shamba la tangawizi kando ya mfereji, na chini yangu pana shamba la bibi mmoja mjane. Bibi huyu si Mwislamu. Ni Msabato, na Wasabato wako katika milima hii tangu misheni yao ilipoanza Mamba mwaka 1903. Siku ya Jumamosi hashiki jembe wala hafungui maji, na sisi twamheshimu kwa hilo, naye Ijumaa huniuliza kama khutuba imekwisha ndipo aniletee maneno yake.

Siku hiyo zamu yangu ilikuwa tangu alfajiri mpaka saa tatu, na yake tangu saa tatu. Niliyafungulia maji, nikaenda msikitini. Baada ya swala nilikaa katika uradi, kisha tukaanza kumsomea khitima ndugu yetu mmoja aliyefariki. Saa tatu ikapita. Nilijua kuwa imepita. Nikajiambia kuwa haifai kukatiza Kurani kwa ajili ya maji, nami nikaendelea kusoma, tena kwa sauti nzuri. Nilipotoka ilikuwa imekaribia saa tano. Bibi yule amesimama nje ya uwanja wa msikiti, chini ya mti, jembe begani. Alikuja kunitafuta, akasikia tunasoma, akaona si adabu kuniita. Tulipofika shambani, tangawizi yangu ilikuwa imesimama ndani ya matope kama mpunga, na ndiva imekwisha maji. Zamu yake nyingine ilikuwa baada ya wiki nzima, na huo ulikuwa wakati wa jua kali, miche inachipua.

Nikamwomba radhi. Akasema, "Si neno, mwalimu. Ulikuwa kwa Mungu wako."

Ndugu zangu, angenitukana ningestahimili. Neno lile hata leo linanichoma. Je, nilikuwa kwa Mungu wangu? Mfungulizo wa maji ulikuwa mkononi mwangu, na maji ya mwenye haki yalikuwa yakimwagika katika shamba langu, na mimi nilikuwa nikisoma. Muslim amepokea hadithi ya muflisi, ambaye atakuja Siku ya Kiyama na swala na saumu na zaka, lakini amemtukana huyu, na amekula mali ya yule. Basi mema yake yatagawiwa hao aliowadhulumu mpaka yaishe. Mimi nilikuwa naihesabu khitima ile katika mema yangu. Sijui sasa imeandikwa kwa nani.

Juma lililofuata nilimwachia zamu yangu pamoja na yake. Alinilipa kwa kunipelekea nyumbani kikapu cha viazi, akanizidishia aibu.

Habari hii ndiyo niliyomweleza yule kijana tulipokutana tena. Sikuwa na jibu bora. Nilimwambia kuwa zile saa nyingi baina ya Alfajiri na Adhuhuri, mimi nilizipoteza siku ile kwa kudhani kuwa hazihusiani na Alfajiri yenyewe. Nikamkumbusha ile hadithi ya matawi ya imani, kuwa ni sabini na kitu, lililo juu ni kalima ya La ilaha illa-llah, na la chini ni kuondoa udhia njiani. Na njia zetu za mlimani, baada ya mvua, zina udhia wa kutosha kumshughulisha mtu umri wake wote. Nikamtajia na wasia wa Mtume kwa Abu Dharr, apikapo mchuzi azidishe maji, awakumbuke majirani zake.

Kijana akacheka kidogo. "Basi, Maalim, nikulindie mfereji ukiwa msikitini?"

Nilidhani ni mzaha, lakini Alhamisi alikuja kweli. Akakaa na simu yake kutazama saa, na saa tatu kamili akaugeuza mfereji upande wa bibi. Baadaye na wazee wengine wasioweza kukesha walimwomba. Sitaki kuwadanganya wasomaji kuwa kijana huyu amepata kazi. Hajapata. Mama yake bado alalamika, na ana haki, kwa kuwa kuwageuzia watu maji si mshahara wa kuoa. Asemalo mwenyewe ni kuwa sasa usiku analala.

Jambo moja nimelisahau, nami nalitaja kwa sababu yeye mwenyewe aliniuliza. Nyuma ya mlango wangu pana jembe lenye mpini mfupi, ambalo si langu. Mwezi wa Novemba mwaka 2009, mvua kubwa ilipomegua mlima kule Goha, udongo ulizifukia nyumba na watu zaidi ya 20 wakafa, Mwenyezi Mungu awarehemu waliokuwa wetu na awape subira wote waliofiwa. Habari ilipotufikia nilitoka mbio mikono mitupu, nikachukua jembe la jirani ukutani pake pasipo kubisha hodi. Huko tulichimba Waislamu na Wakristo, hapana aliyeuliza udongo huu unamfunika nani, na majembe yakapita mikono kwa mikono. Niliporudi nililokuwa nalo lilikuwa jingine. La jirani nilimlipa kwa jipya. Hili la mpini mfupi nilitangaza misikitini, na makanisani nikawaomba wenyewe watangaze, lakini hakutokea wa kulidai. Basi limekaa nyuma ya mlango, na kila mwenye haja huja akalichukua.

Wiki iliyopita kijana aliliazima kwenda kuzibua mfereji wa juu, na mpaka naandika haya bado hajalirudisha. Nimesikia kuwa liko kwa yule bibi.