Ngome Isiyo na Jiwe

Wasikilizaji wetu wa Nachingwea na Ruangwa, huenda mmekwisha kusikia habari za ngome za Bara Hindi zilizojengwa juu ya vilele vya milima. Ile ya Raigad, ambapo Shivaji alitawazwa kuwa mfalme mwaka wa 1674, mtu huifikia kwa kupanda ngazi za mawe hata magoti yakatetemeka. Na huko juu hukuta malango, kuta, na mabirika ya kuwekea maji. Maana ngome ya mlimani isiyo na maji ni kaburi la walio ndani. Walakini sisi twaijua ngome moja, nayo si mbali nanyi, iliyokuwa haina birika wala jiwe la ukuta, na hata hivyo iliwasumbua adui zake karibu miaka kumi.

Ngome hiyo ni Luagala, mji wa Machemba, mkubwa wa Wayao, juu ya uwanda wa Makonde. Mwenye kutoka Ruangwa hupita Nachingwea, akaelekea kusini mpaka Masasi penye majabali, kisha hushika njia ya Newala. Hapo ndipo penye kupanda kwenyewe. Akifika ukingoni na kugeuka, huliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini yake. Halafu huendelea upande wa Tandahimba katika nchi ya mchanga.

Basi ukuta ulikuwa nini? Ulikuwa kichaka. Zamani uwanda huo ulijaa miti mifupi, miiba na mitambaazi iliyosokotana, mtu asiweze kupenya pasipo panga. Livingstone alipopita nchi ya Wamakonde mwaka wa 1866 ilimbidi kuajiri watu wamkatie njia, ngamia wake wapate kupita. Wenyeji walikuwa na vijia vyao vyembamba, mgeni hakuvijua.

Na maji je? Udongo wa huko hunywa mvua yote, nayo hutokea chini kabisa, penye miguu ya uwanda. Kwa hiyo wanawake walishuka na mitungi na kupanda nayo kila siku, kazi ambayo mtaalamu Mdachi, Karl Weule, aliishuhudia Newala mwaka wa 1906. (Watu husifu mashujaa wa bunduki; sisi twawasifu kwanza wanawake hao.) Lakini jeshi lenye wapagazi wengi, lisilojua chemchemi zilipo, lingekaa siku ngapi juu pale? Twadhani kiu ilikuwa askari wa Machemba.

Mwaka wa 1890 Wissmann, mkuu wa Wadachi, alimwita ashuke pwani. Machemba alijibu kwa barua ya Kiswahili: biashara na urafiki yu tayari, kutii hapana. Vita na mapatano vilifuatana, hata mwaka wa 1899 aliposhindwa, akavuka Ruvuma kwenda nchi ya Wareno, wala Luagala haikuwa tena ngome.

Siku hizi maji husukumwa juu kwa mitambo, kazi iliyoanza miaka ya 1950, na mahali pengi kichaka kimekatwa, ikapandwa mikorosho. Afikaye Luagala asitafute magofu. Na aombe aonyeshwe kichaka kilichosalia, kisha ajaribu kupenya hatua ishirini bila panga.