Shuka au Shusha? Sarufi Niliyojifunza Chini ya Chuma

Mwezi uliopita nilishiriki mashindano ya kusukuma chuma kwa kulala chali kwenye benchi, hapa Lubumbashi. Kila mshindani hupewa nafasi tatu. Nilianza na kilo 90, nikazirudia mara ya pili na ya tatu, nikakosa zote. Anayekosa zote tatu huondolewa, kwa hiyo mbele ya jina langu haikuandikwa hata kilo moja. Wenzangu wa darasa waliokuja kunishangilia walirudi kimya.

Nguvu nilikuwa nazo, kwani mazoezini nilikwisha kusukuma uzito huo. Nilichokosa ni kuelewa vitenzi viwili.

Cha kwanza ni kushusha. Tunaosoma lugha za Kibantu tunaijua jozi hii: chuma kikishuka, kinatenda chenyewe, ukikishusha, mtendaji ni wewe. Mimi nilikiacha kishuke, kikadunda kifuani, nami nikautumia mdundo huo kukirudisha juu. Kanuni hazikubali. Chuma lazima kitulie kifuani, ndipo mwamuzi atoe amri ya kusukuma. Mara ya kwanza niliitangulia amri hiyo, nikakataliwa. Siku hizi nakishusha nikihesabu hadi tatu, kuelekea sehemu ya chini ya kifua, viwiko visitawanyike mbali na mbavu.

Cha pili ni kusukuma. Mwamuzi anaposema "Sukuma!", yambwa haitajwi, nami nilidhani ni chuma tu. Baada ya mashindano, yaya anayetuzoeza aliniambia: "Mdogo wangu, usifikirie chuma. Jisukume kwenye benchi." Kiambishi -ji- kiligeuza kila kitu, kwa sababu yambwa sasa ni mimi. Kabla ya kupokea chuma, navuta mabega nyuma na kuyabana, nakanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kisha nakandamiza mgongo kwenye benchi. Mwili ukishikamana hivyo, mikono inapata mahali imara pa kuanzia. Lakini matako yasiinuke: hilo ni kosa, na ndilo lililoniangusha mara ya pili. Mara ya tatu nilikuwa nimechoka, chuma kikakwama katikati.

Kosa kubwa zaidi lilitangulia hayo yote: kuanza na uzito wa kujivunia. Uzito wa kwanza uwe ule unaouweza mara tatu mfululizo, ukitulia kifuani kila mara. Kwangu ni kilo 80.

Sasa rafiki husimama kichwani pangu na kutoa amri bila mpangilio, mara upesi, mara akichelewa, ili nizoee kungoja. Wiki ya kwanza niliitangulia sauti yake karibu kila siku. Wiki hii, mara moja tu. Mashindano yajayo nitaanza na 80, na 90 nitaziomba mwishoni.