Waranti Ilikufa, Ndoa Ikaponea Chupuchupu

Ilikuwa tarehe 23 Desemba 2022, saa nane mchana, jua la Mombo linachoma kama pasi. Kando ya barabara tulikuwa mimi, mume wangu, watoto wawili, mabegi manne, mchele wa mama mkwe kilo 25, na gari letu lililogoma kuondoka. Injini inanguruma vizuri tu. Unaweka D, gari linatulia kama halijasikia, halafu linaruka kama limepigwa teke, kisha linatulia tena. Mabasi ya Moshi yanatupita yakipiga honi. Marangu mbuzi ameshafungwa, sisi tunasubiriwa.

Mpenzi msomaji, kama uliwahi kukwama barabarani na mwenzi wako huku kila mmoja anajua jambo ambalo hajamwambia mwenzake, utanielewa. Pale Mombo kulikuwa na siri mbili ndani ya gari moja. Moja ya kwake, moja ya kwangu. Na zote mbili zilikuja kutugharimu.

Kitu na boksi

Gari tulilinunua jipya mwezi Oktoba 2020. Marafiki walitucheka. Wenzetu walikuwa wanaagiza magari yaliyotumika Japani kwa nusu ya bei ile, wanabaki na chenji ya kumalizia nyumba. Sisi tukataka kitu na boksi. Tukachukua mkopo wa miaka minne, mishahara yetu yote miwili ikawa inakatwa kila mwisho wa mwezi.

Sababu ilikuwa moja tu: waranti. Miaka mitatu au kilomita 100,000, kipi kitangulie. Tuliambiwa ndani ya muda huo kasoro yoyote ya kiwandani ni juu ya kampuni. Jamani, kwa watu tuliokulia kwenye magari ya kusukumwa asubuhi, hilo neno lilitulaza usingizi mzuri. Kitabu cha sevisi nikakitupia kwenye droo ya dashibodi, wala sikukifungua.

Tuligawana kazi kama wanandoa wengi wa Dar. Mimi ndiye ninayeendesha kila siku, Tabata hadi Posta na kurudi. Yeye ndiye anayelipeleka sevisi kila kilomita 5,000. Nilikuwa nampa nusu ya hela, anaondoka nalo Jumamosi, anarudi nalo limeoshwa linang'aa. Ningeuliza nini tena?

"Dada, waranti imekufa"

Krismasi tulikula tumenuna, tumefika kwa basi. Gari lilirudishwa Dar limepakiwa juu ya lori, kwa gharama yetu. Januari, lilipokuwa na kilomita 31,000, tukaenda kwa wakala aliyetuuzia, mimi mbele nimeshika kitabu changu kwa mbwembwe.

Kijana wa mapokezi alifungua kompyuta, akafungua kitabu, akarudi kwenye kompyuta.

"Dada, hapa sevisi ya kilomita 20,000 haipo. Na ya 25,000 pia haipo. Waranti imekufa."

Nikamgeukia mume wangu aniambie huyu kijana amechanganya mafaili. Mume wangu alikuwa anasoma kalenda ya ukutani kwa makini ya ajabu.

Msimamizi akaitwa, mtu mzima, mpole. Akaongeza la kwake: "Halafu mama, hizi gia otomatiki zinategemea mwendeshaji. Foleni, mguu huu kwenye breki, huu kwenye moto, ndiyo mambo haya." Giaboksi bado haijafunguliwa, lakini mkosaji keshapatikana. Ni mimi.

Siri ya kwanza

Usiku ule, watoto walipolala, alisema. Mwaka 2022 aliingizwa kwenye kamati ya harusi ya rafiki yake waliyesoma naye. Si unajua kamati zetu. Mtu anatamka ahadi mbele ya watu, wanapiga makofi, halafu anarudi nyumbani anatafuta hela iko wapi. Yeye aliahidi laki tano. Hela za sevisi mbili zikaenda huko, gari likamwagwa oili kwa fundi wa mtaani kwa bei ndogo. "Nilijua ni oili tu, mke wangu. Oili ni oili."

Kilichoniuma hakikuwa laki tano, msomaji. Kilichoniuma ni nusu yangu niliyokuwa namkabidhi mkononi, na lile gari lililokuwa linarudi limeoshwa. Yaani alilipia hadi kuosha ili uongo ung'ae. Nilihamia chumba cha watoto. Siku nne tuliongea kuhusu maji na umeme tu.

Siri ya pili

Siku ya tano nilishindwa na dhamiri yangu. Kwa sababu na mimi nilikuwa na la kwangu.

Gari lilianza kuruka mwezi Machi 2022, miezi tisa kabla ya Mombo. Ilikuwa kwenye foleni ya barabara ya Mandela. Nikiachia breki linachelewa kidogo, kisha linajivuta kwa kishindo. Sikusema. Miaka ya nyuma nilishawahi kugonga geti, na tangu hapo mume wangu na kaka zake wana utani wao kuhusu mimi na usukani. Nikaona nikisema gari linaruka, jibu nalijua: "Unalikanyagaje?" Basi nikanyamaza, nikajifunza kuliachia breki polepole.

Nilipomwambia, hakucheka. Alinyamaza muda, kisha akasema, "Kwa hiyo mimi nilificha sevisi, wewe ukaficha ugonjwa." Ndivyo ilivyokuwa. Ningesema mwezi Machi, tungelirudisha gari mapema, kabla tundu la pili halijatokea kwenye kitabu, na malalamiko yetu yangekuwa na tarehe. Waranti ilikufa mikononi mwa watu wawili.

Fundi wa Ilala anatufungua macho

Tukampelekea gari fundi mmoja wa Ilala anayejulikana kwa gia otomatiki. Alilichomeka kwenye kompyuta ya kupimia, akalizungusha mtaani, kisha akatukalisha kwenye benchi.

"Shemeji, oili ya injini na oili ya giaboksi ni vitu viwili. Havikutani," alianza. Akaeleza kwamba gia otomatiki inabadilika kwa presha ya oili yake yenyewe. Kuna valvu ndogo ndani zinazopokea amri ya kompyuta na kuruhusu oili ipite kwenda kwenye klachi hii au ile. Valvu ikinata, presha inachelewa, kisha inaingia yote kwa mkupuo. Ndilo teke lile.

Akachukua kitabu chetu cha sevisi, akafungua ukurasa ambao sisi hatukuwahi kuusoma. Oili ya giaboksi ilipaswa kukaguliwa kwa mara ya kwanza kwenye kilomita 40,000. Sisi tulikuwa 31,000. Sevisi mbili zilizorukwa zilikuwa za oili ya injini na chujio lake. "Kosa mlifanya," alisema, "lakini kosa hilo halikuua giaboksi." Akatuandikia ripoti, akasaini na kupiga muhuri wa gereji yake.

Hapo ndipo mtihani ulipokuja. Rafiki mmoja alimwambia mume wangu kwamba muhuri wa sevisi unachongwa mjini kwa bei ya chakula cha mchana, wajaze zile kurasa mbili, mchezo uishe. Nilimtazama mume wangu. Akajibu mwenyewe: "Uongo wa kwanza bado naulipa." Nadhani usiku ule ndipo niliporudi chumbani kwetu.

Barua yenye ukweli wote

Tuliandika barua wawili, mezani, watoto wakiwa shule. Tuliandika kila kitu: lini tatizo lilianza, sevisi zipi hazikufanyika kwao, oili ilibadilishwa wapi, ripoti ya fundi. Kisha tukaomba mambo mawili. Kwanza, giaboksi ifunguliwe mbele yetu. Pili, kama wanakataa, waseme kwa maandishi ni kwa vipi oili ya injini iliharibu valvu ya gia.

Wakati tunasubiri, nikasoma. Kumbe Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo pamoja na mambo ya biashara inamlinda mlaji, na chombo chake ni Tume ya Ushindani, wengi wanaijua kama FCC. Kuna pia Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inayodai bidhaa iliyonunuliwa kwa muuzaji wa bidhaa hizo iwe na ubora wa kuuzika. Kwa lugha nyepesi, karatasi ya waranti si ulinzi pekee ulio nao. Wenzetu wa Kenya wana Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012.

Lililonituliza zaidi lilitoka mbali. Mwaka 2018, Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliitoza Ford ya nchi hiyo dola milioni 10 za Australia kwa namna ilivyowatendea wateja wenye magari yenye gia iliyokuwa inatetemeka. Kampuni ilikuwa ikiwaambia baadhi yao kwamba tatizo ni namna wanavyoendesha. Gari letu si la kampuni hiyo, lakini nilisoma habari ile mara mbili. Kumbe kuna wengi walioambiwa "ni mguu wako, mama."

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Giaboksi ilifunguliwa, valvu zilikutwa zinanata. Waranti hawakuirudisha, sevisi mbili walizing'ang'ania. Ila "kwa hisani", neno lao hilo, wangetoa kipuri kizima bure, sisi tulipe ufundi. Ilikuwa shilingi 620,000. Mimi nilitaka twende mbele hadi Tume. Mume wangu akasema, "Nusu ya kosa ni yetu, tulipe nusu." Tukalipa. Gari linatembea hadi leo.

Kwa wewe na mwenzi wako

Someni kitabu cha sevisi wote wawili, kabla hamjatoka yadi. Ukurasa wa mambo yasiyohusika na waranti ndio wa kwanza kusoma.

Gari likianza tabia mpya, liripotiwe siku hiyohiyo, kwa maandishi. Ujumbe wa simu wenye tarehe ni bora kuliko maneno ya mdomo kaunta. Ukiweza, rekodi video ya tatizo, maana magari yana tabia ya kupona mbele ya fundi.

Tunza risiti zote, hata za fundi wa mtaani. Risiti zile ndizo zilizothibitisha kwamba injini yetu haikukaa bila oili.

Ukiambiwa "waranti imekufa", usibishane. Omba sababu kwa maandishi. Maneno mengi ya kaunta hubadilika yakitakiwa kuandikwa.

Na ninyi mliochukua gari la Japani lililotumika, msidhani haya hayawahusu. Waranti ya muda ni jambo moja, mtengenezaji kuyaita magari yake yarudi kwa sababu ya usalama ni jambo jingine. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyofilisika mwaka 2017, iliwekwa kwenye mamilioni ya magari yakiwemo Toyota, Honda na Nissan. Baruti yake huharibika kwa miaka ya joto na unyevu, na mfuko ukilipuka unaweza kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu, yaani Dar yetu hii. Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji, kisha muulize wakala wake.

Siku hizi kwetu sevisi tunakwenda wote. Tunakaa kwenye viti vya kusubiria, tunakunywa soda, tunasubiri muhuri. Mwezi uliopita nilihisi kamlio kadogo gurudumu la mbele. Nilimpigia kabla sijafika Buguruni.

"Gari linalia," nikamwambia.

"Upande gani?" akauliza. Hakuuliza ninalikanyagaje.