Cheti cha usimamizi wa miradi unacho, uzoefu huna: uanzie wapi?

Tangazo la kazi ya meneja wa mradi, liwe la Dodoma au la Nairobi, aghalabu hudai vitu viwili kwa pamoja: cheti na uzoefu wa miaka kadhaa. Kijana aliyetumia akiba yake kulipia mtihani akifika kwenye sharti la pili hukata tamaa, na wengi huamini kwamba wametapeliwa. Naona kosa ni la waliowauzia kozi bila kuwaeleza cheti kinathibitisha nini.

Tazama taasisi ya PMI ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1969. Cheti chake cha kuanzia, CAPM, kinamtaka mtu awe amemaliza sekondari na kupata saa 23 za mafunzo, kisha afaulu mtihani wa maswali 150. Uzoefu hauulizwi. Cheti cha juu, PMP, kinamtaka mwenye shahada aonyeshe pia miezi 36 ya kuongoza miradi. Ngazi ya kwanza ya PRINCE2, mfumo uliozaliwa Uingereza, nayo haidai uzoefu. Kwa hiyo wanaotoa vyeti hivyo wenyewe wameshasema kwamba cheti cha awali kinaonyesha mtu anaijua lugha ya kazi. Swali linalomsumbua mwajiri linabaki bila jibu: huyu akikabidhiwa fedha na watu, mambo yakaenda mrama wiki ya tatu, atafanyaje?

Jibu la swali hilo huhitaji kusubiri kuajiriwa ndipo ulipate. Hata PMI, inapopima maombi ya PMP, huangalia kazi uliyoiongoza. Haikulazimishi uwe umeitwa meneja. Na kazi za namna hiyo zimejaa kwenye kata zetu.

Chukua ujenzi wa madarasa mawili ya shule ya kata. Kwa utaratibu unaojulikana kama fosi akaunti, fedha huingia kwenye akaunti ya shule, mafundi huajiriwa hapo hapo, na jamii huunda kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Tanzania ilipoamua mwaka 2021 kujenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, kamati za aina hii zilibeba mzigo mkubwa. Ndani yake mara nyingi anakosekana mtu wa kuandika.

Kijana mwenye cheti akijitolea kuwa huyo mwandishi, atakutana na kila sura ya kitabu chake ikiwa hai. Lori la saruji likifika, kamati ya mapokezi huhesabu mifuko na kukuta mingine imeganda. Nani anasaini, mingapi inarudishwa, na mzabuni anapewa siku ngapi kuleta mingine? Zege la mkanda limemwagwa, nalo lina muda wake wa kukomaa. Wahandisi huchukua kipimo cha uimara wake siku ya 28. Kenchi na bati zikichelewa baada ya hapo, mafundi wa kuezeka wanakaa bure huku masika yanakaribia. Aliyechora ratiba anajua ni uchelewaji upi unaosogeza tarehe ya kukabidhi jengo na upi hauna madhara.

Kisha huja jaribio kubwa kuliko yote. Jengo likiwa usawa wa lenta, mkuu wa shule anaomba chumba kidogo cha ofisi kiongezwe upande wa pili. Ombi ni la haki, walimu wanakaa chini ya mwembe. Lakini bajeti ilikuwa ya madarasa mawili. Kamati ikikubali kwa kupiga makofi, bati zitapungua mwishoni na jengo litasimama bila paa. Kazi ya msimamizi hapo ni kuandika ukurasa mmoja: ofisi itagharimu kiasi gani, itaongeza siku ngapi, fedha itatoka fungu gani, na nani mwenye mamlaka ya kuidhinisha. Ukurasa huo nauthamini kuliko vyeti vitatu vya ziada, maana unaonyesha mtu aliyeweza kumwambia mkubwa wake ukweli kwa heshima na kwa hesabu.

Mwenye ajira tayari asiikimbie. Muuguzi ambaye kituo chake kinahama kutoka mafaili ya karatasi kwenda mfumo wa kompyuta ana mradi mbele yake. Mhasibu anayesaidia ofisi kuhamia jengo jipya anao pia. Omba kuratibu sehemu moja, kwa barua, ili ijulikane ni yako. Ukianza huko una faida nyingine: kazi yenyewe unaijua, na mafundi na wataalamu huwa wagumu kumsikiliza mratibu asiyejua wanachofanya.

Kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali, mlango wa kawaida ni nafasi ya msaidizi wa mradi. Utaandaa karatasi za mahudhurio, utarejesha hesabu za masurufu, utaandika taarifa ya mwezi. Wapo wanaoziona kazi hizi ndogo. Mimi naona ndipo mtu anapojifunza fedha ya mfadhili inavyotembea na inavyokwama, na sijui darasa linalofundisha hilo vizuri zaidi.

Kwenye wasifu, sentensi kama "nina ujuzi wa kusimamia vihatarishi" haimwambii msaili chochote. Andika ulichofanya: "Niliratibu ratiba na mapokezi ya vifaa vya ujenzi wa madarasa mawili, bati zilipochelewa tulitanguliza kupiga lipu ndani." Hapo ana la kukuuliza, nawe una la kueleza.

Tunza kumbukumbu tangu siku ya kwanza: tarehe za kuanza na kumaliza, bajeti na matumizi halisi, mihtasari ya vikao, hati ya makabidhiano, na jina la aliyekusimamia pamoja na namba yake. Utakapoomba PMP, PMI inaweza kuyachagua maombi yako yakaguliwe, na hapo itamtaka mtu huyo athibitishe miezi uliyoijaza. Mwombe ridhaa yake mapema, kabla hajahamishwa kituo.