Vijana wa Uganda na Kombe Ambalo Halikuwapo

Wasomaji wetu walio kambini na walio majumbani wanakumbuka kwamba mwaka 1978, katika mji wa Accra, timu ya taifa ya Uganda ilicheza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ikafungwa na Ghana mabao 2 kwa 0, yote yakitiwa wavuni na Opoku Afriyie. Wazee husimulia mchezo huo kana kwamba ulichezwa juzi, na jina la Philip Omondi bado huwatoa machozi. Lakini ipo fainali nyingine ya Afrika ambayo Uganda ilicheza na Ghana hiyohiyo, ikafungwa mabao yaleyale 2 kwa 0, na ambayo haisimuliwi sana. Hiyo ilichezwa Nouakchott, mji mkuu wa Mauritania, tarehe 6 Machi 2021, na waliocheza walikuwa vijana wasiozidi umri wa miaka 20. Mabao yote mawili safari hii yalifungwa na Percious Boah.

Nimeona vyema kuandika habari za vijana hao, kwa kuwa kisa chao kina jambo ambalo kila mzazi aliye na mtoto mchezaji yafaa alijue.

Timu hiyo, iitwayo Hippos, ilipata tiketi ya kwenda Mauritania katika mashindano ya Afrika Mashariki na Kati yaliyofanyika Tanzania, mkoani Arusha, mwishoni mwa mwaka 2020. Katika mchezo wa mwisho uliochezwa Karatu, tarehe 2 Desemba, Uganda iliwafunga wenyeji mabao 4 kwa 1. Timu zote mbili zilipewa nafasi ya kwenda kuwakilisha ukanda wetu. Wakati huo dunia nzima ilikuwa imefungiwa milango na maradhi ya Korona. Shule zetu zilikuwa zimefungwa tangu Machi, nasi hatukujua kwamba zisingefunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022. Mimi niliyesomea ualimu kabla ya kuingia ofisini sikupata kuona jambo kama lile: kijana wa miaka kumi na saba akishinda nyumbani pamoja na bibi yake, hana kitabu wala kiwanja.

Sasa sikilizeni mkasa wenyewe. Kwa kawaida, timu nne zinazofika nusu fainali ya Afrika ndizo ziendazo kwenye Kombe la Dunia la vijana. Mwaka 2021 kombe hilo lilikuwa lichezwe Indonesia. Lakini tarehe 24 Desemba 2020, mkesha wa Krismasi, Shirikisho la Kandanda la Dunia lilitangaza kwamba mashindano ya Indonesia, na yale ya vijana chini ya miaka 17 yaliyokuwa yachezwe Peru, yote mawili yamefutwa kwa sababu ya maradhi. Hivyo vijana wa Uganda waliposhuka Mauritania mwezi Februari, walijua fika kwamba hata wakifanya maajabu, mbele yao hapana Kombe la Dunia.

Ajabu ni kwamba wakayafanya hayo maajabu.

Mwalimu wao alikuwa Morley Byekwaso, na nahodha Gavin Kizito. Walianza kwa kuifunga Msumbiji mabao 2 kwa 0, wakafungwa na Kameruni bao 1, kisha wakawashinda wenyeji Mauritania mabao 2 kwa 1. Robo fainali walikutana na Burkina Faso. Dakika 90 zikapita, na za nyongeza pia zikapita, bila ya bao. Ikabidi penalti, na Uganda wakafuzu. Wengi wetu tulidhani safari imefika kikomo chake, maana nusu fainali iliwakutanisha na Tunisia, taifa lenye mazoea makubwa ya mashindano. Uganda ikashinda mabao 4 kwa 1, na kijana mmoja peke yake, Derrick Kakooza, akafunga matatu.

Hapa wasomaji wetu wa jeshi la polisi wanisamehe nikikaa kidogo, kwani kijana huyo alikuwa wao. Kakooza alikuwa akiichezea Police FC. Alimaliza mashindano akiwa na mabao 5, mengi kuliko ya mchezaji mwingine yeyote, na baadaye mwaka huohuo akaenda kucheza Latvia katika klabu ya Valmiera. Si jambo geni kwa majeshi yetu kutoa wachezaji wa namna hiyo. Simba, timu ya jeshi, ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1972 na kushindwa na Hafia ya Conakry. Nayo Police FC ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 2005. Tena watoto wengi waliokulia katika kambi walijifunza kandanda kwenye kiwanja cha gwaride baada ya saa za kazi, kwa mpira wa majani ya migomba, huku mama zao wakiwaita waje kuteka maji.

Wenzao wadogo, walio chini ya miaka 17, yaliwapata mabaya zaidi. Mwezi Desemba 2020 walikuwa wametwaa ubingwa wa ukanda wetu huko Rubavu, Rwanda, kwa kuifunga Tanzania. Walikuwa waende Morocco mwezi Machi 2021. Siku mbili tu baada ya fainali ile ya Nouakchott, Shirikisho la Afrika likafuta mashindano ya Morocco. Kaka zao angalau walirudi na medali za shingoni. Hao wadogo walijiandaa, wakapimwa, kisha wakarudi nyumbani.

Huenda mtu akasema: si watacheza mwaka mwingine? La. Katika timu za vijana hakuna mwaka mwingine. Sharti la Mauritania lilikuwa mchezaji awe amezaliwa tarehe 1 Januari 2001 au baadaye. Mashindano yaliyofuata, ya mwaka 2023 nchini Misri, yalitaka waliozaliwa tangu 2003. Kakooza alizaliwa 2002. Mfungaji bora wa Afrika alikuwa tayari amekwisha kuwa mzee wa timu ya vijana! Waliokwenda Misri walifika robo fainali wakafungwa na Nigeria bao 1 kwa 0. Ushindi katika mchezo huo mmoja ndio uliohitajika ili wafike Kombe la Dunia.

Kwa ajili hiyo ndiyo maana baadhi ya watu hushawishika kupunguza miaka ya watoto. Tusifichane, jambo hili lipo. Lakini tangu mwaka 2009 Shirikisho la Dunia limekuwa likitumia mashine yenye nguvu ya sumaku kupiga picha ya mifupa ya kifundo cha mkono katika mashindano ya walio chini ya miaka 17. Mfupa wa mtoto anayekua huwa na sehemu ya mwisho ambayo haijaungana. Ikionekana imekwisha kuungana kabisa, ni karibu yakini kwamba mwenyewe amepita umri, hata akiwa na karatasi yenye mihuri kumi. Kwa mzazi wa kambini anayehamishwa leo Gulu kesho Mbarara, la maana ni kumwandikisha mtoto angali mchanga na kuitunza hati yake ya kuzaliwa mahali pasipofikiwa na mvua wala mchwa. Nimepata kumwona baba mmoja akizunguka ofisi tatu kutafuta hati ya mwanawe siku nne kabla ya majina kupelekwa. Hakuipata kwa wakati, na mtoto hakuteuliwa.

Hao wadogo walikuwa na kidonda cha zamani vilevile. Mwaka 2019 katika mashindano ya Afrika yaliyochezwa Tanzania, waliifunga Tanzania mabao 3 kwa 0, wakaenda sare na Nigeria bao 1 kwa 1, lakini walikuwa wamekwisha fungwa na Angola bao 1. Wakamaliza wa tatu katika kundi, na ni timu mbili tu zilizopita.

Mwaka 2025 walirudi Morocco. Mwanzo ulikuwa wa kutisha: wenyeji waliwafunga mabao 5 kwa 0. Wakaifunga Tanzania mabao 3 kwa 0, kama ilivyokuwa mwaka 2019, wakamaliza tena nafasi ya tatu. Lakini safari hii Kombe la Dunia la Qatar lilikuwa limepanuliwa hata kufikia timu 48, na Afrika ilipewa nafasi 10. Walioshika nafasi ya tatu walipewa mchezo mmoja wa kujiokoa. Uganda ikakutana na Gambia, na James Bogere akafunga bao pekee. Hiyo ndiyo siku ambayo Uganda, kwa mara ya kwanza katika ngazi yoyote ya kandanda, ilipata nafasi katika Kombe la Dunia.

Mwezi Novemba huko Qatar, vijana wa mwalimu Brian Ssenyondo walifungwa na Kanada, wakaenda sare na Chile, kisha wakaishinda Ufaransa bao 1 kwa 0. Naam, Ufaransa! Wakaitoa Senegal vivyo hivyo, bao 1 kwa 0. Katika hatua ya timu 16 walikutana na Burkina Faso, nchi ileile ambayo kaka zao waliitoa kwa penalti huko Mauritania. Mchezo ulimalizika sare, penalti zikapigwa, na safari hii waliofuzu walikuwa Burkina Faso.

Waliozaliwa 2008 hawawezi tena kurudi katika timu hiyo. Mashindano ya Qatar sasa huchezwa kila mwaka, na yale ya 2026 ni ya waliozaliwa tangu 2009.