Kwa Nini Nilimlilia Ragnar

Mimi mwenzenu nililia. Ni heri niliseme hilo mwenyewe mapema, kwani waliokuwamo bwenini usiku ule wameshalitangaza, na tangu hapo siwezi kupita kantini bila mtu kuniuliza kama matanga yamekwisha. Mfiwa ni mimi. Marehemu ni Ragnar Lothbrok, shujaa wa tamthilia ya televisheni iitwayo Vikings, aliyekufa katika sehemu ya 15 ya msimu wa nne, "All His Angels", ambayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 28 Desemba 2016. Kwa hiyo nimechelewa mazishi kwa miaka kadhaa. Haidhuru.

Nia ya makala hii si kujitetea. Katika semina moja nilitaja kilio changu, na mhadhiri akaniambia kwa upole kwamba machozi ya msomaji si hoja ya kihakiki. Nikanyamaza, maana sikuwa na jibu. Jibu lilinijia siku mbili baadaye nikiwa kwenye foleni ya chakula, kama kawaida ya majibu. Sawa, machozi si hoja. Lakini ni ushahidi. Kuna kitu katika kazi ile kilichoyatoa, na ni wajibu wa mhakiki kukitafuta kitu hicho mahali kilipo, katika fani yenyewe. Tukiishia kusema "inasikitisha" tutakuwa hatujasema lolote.

Kwa wasioijua tamthilia hii, kisa chenyewe kwa ufupi. Vikings iliandikwa na Michael Hirst, Mwingereza, ikaonyeshwa kuanzia 2013 hadi 2020 katika misimu sita. Ragnar anaanza akiwa mkulima wa Skandinavia mwenye hamu ya kujua kuna nini upande wa magharibi wa bahari. Anakuwa mvamizi, kisha mfalme, kisha mtu aliyeshindwa na kutoweka. Anaporudi ni mzee, watu wake hawana haja naye tena. Anakwenda Uingereza na mwanawe Ivar, kijana mlemavu wa miguu, na huko anaishia mikononi mwa Ecbert, mfalme wa Wessex, adui yake ambaye pia ni rafiki yake. Hapo ndipo Ragnar anapopendekeza jambo la ajabu: Ecbert asimuue yeye mwenyewe, bali amkabidhi kwa Aelle, mfalme wa Northumbria, ambaye atamuua kwa furaha. Kwa ukarimu huo, anamwahidi Ecbert kwamba kisasi cha wanawe kitamwangukia Aelle peke yake. Kisha anamnong'oneza Ivar kinyume chake. Walipizwe wote wawili.

Kwa hiyo Ragnar haendi kunyongwa kama kondoo. Anakwenda kutega mtego, na chambo ni mwili wake.

Sasa tuje kwenye kizimba. Ragnar anasafirishwa hadi Northumbria akiwa ndani ya kizimba juu ya mkokoteni, na mwendeshaji wa mkokoteni huo ni kipofu. (Hapo tu Hirst angeweza kupunguza kidogo, ishara ikizidi inageuka tangazo.) Njiani sura ya kipofu yule inabadilika machoni mwa Ragnar na kuwa sura ya mtabiri wa kwao, na Ragnar anamwambia waziwazi kwamba haamini tena kuwa miungu ipo. Kwake yeye binadamu ndiye mwenye majaliwa yake, na miungu ni kitu walichokibuni watu kwa woga wa kujijibu wenyewe. Ameyasema hayo kwa utulivu, si kwa hasira. Ni mtu aliyeyafikiri kwa miaka.

Halafu anafikishwa kwa Aelle. Anapigwa, anachomwa, na muda wote hasemi neno. Mwishowe kizimba kinaning'inizwa juu ya shimo la nyoka, na hapo ndipo anapofungua kinywa. Anasema nini? Anamsifu Odin. Anaeleza karamu inayomngoja katika ukumbi wa miungu, anasema haingii huko kwa hofu, na kwamba atawangoja wanawe humo. Sakafu ya kizimba inafunguliwa.

Mimi nililia hapo, katikati ya hotuba. Na jamani, angalieni tatizo lenyewe: nilikuwa nalilia maneno ambayo msemaji wake ametoka kutuambia kwamba hayaamini!

Kabla ya kulijibu hilo, niwape wapinzani wangu silaha nyingine, wasije wakasema nimewaficha. Kihistoria kisa hiki hakisimami. Wanahistoria wengi wanamwona Ragnar kuwa mtu wa masimulizi zaidi kuliko wa kumbukumbu. Tamthilia inamweka katika uvamizi wa Lindisfarne, uliotokea mwaka 793, kisha inamfisha kabla tu ya lile jeshi kubwa la Waviking lililotua Uingereza mwaka 865. Hiyo ni miaka 72, na ndevu zimeota mvi kidogo tu. Ecbert wa kweli alifariki mwaka 839, yaani miaka zaidi ya 20 kabla ya Aelle kuonekana kwenye kiti cha Northumbria, hivyo hakuna namna ambavyo mmoja angemkabidhi mwenzake mateka. Na hao nyoka wenyewe! Uingereza ina aina moja tu ya nyoka wa asili mwenye sumu, naye ni nadra kumuua mtu. Aelle angehitaji subira kubwa.

Nilikuwa nayajua mengi ya hayo nilipokuwa nalia. Hayakunisaidia kitu.

Maelezo yangu ni haya. Hotuba ile tusiisome kama sala, tuisome kama majigambo. Sisi tuliokaa kwenye somo la fasihi simulizi tunaujua utanzu huo: mtu husimama mbele ya watu akajisifu kwa nafsi ya kwanza, akataja aliyoyatenda na yatakayofuata, na ukweli wa majigambo haupimwi kwa imani iliyo moyoni mwa mwenye kujigamba. Hupimwa kwa kile yanachowafanya wasikilizaji. Waaisilandi wa kale walilielewa hili. Wana shairi la karne ya 12, Krákumál, lenye beti 29, ambalo lote limewekwa kinywani mwa Ragnar akiwa shimoni na nyoka, akihesabu vita vyake. Mtu anayeumwa na nyoka hapati nafasi ya kutunga beti 29, na sidhani kama msikilizaji yeyote wa wakati ule alilalamika.

Basi wasikilizaji wa Ragnar ni akina nani? Hapa ndipo ufundi ulipo. Hotuba moja ina hadhira mbili. Aelle, aliye mbele yake, anasikia mpagani akibwabwaja kabla ya kufa, na anafurahi. Lakini maneno yale yanawakusudia watu ambao hawapo: wana walio ng'ambo ya bahari, ambao bado wanaamini. Yatawafikia, na yakiwafikia yatakuwa amri. Ragnar ametumia lugha ya imani ya wanawe kwa sababu ndiyo lugha pekee itakayowatoa nyumbani na kuwapandisha merikebuni.

Nasi ufundi huu si mgeni kwetu. Mkumbukeni Fumo Liyongo gerezani, katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913: anaimba, walinzi wanasikia wimbo tu, kumbe ndani ya wimbo kuna maagizo kwa mama yake kwamba aoke mkate na ndani yake atie tupa ya kukatia minyororo. Wenye funguo wanasikia jambo moja, wenye damu wanasikia lingine. Tofauti ni kwamba Liyongo anaimba ili atoke. Ragnar ameshakubali kutotoka.

Nilitaka kuhakikisha kama maelezo haya yana nguvu au ni ubishi wangu tu, kwa hiyo baada ya wiki moja niliitazama sehemu ileile mara ya pili, peke yangu, mchana, na daftari pembeni. Ilipofika hotuba sikulia. Niliisikiliza kwa makini, nikaiona ilivyopangwa, nikaistahi. Lakini nilikuwa nimeshalia tayari, nusu saa nzima kabla, mahali ambapo mara ya kwanza nilikuwa nakula karanga: pale Ragnar anapoagana na Ivar. Mara ya kwanza niliona baba anamwaga mwanawe. Mara ya pili niliona baba anamkabidhi mtoto mlemavu vita nzima, huku mtoto anadhani anakumbatiwa tu. Sehemu ile haikuwa imebadilika hata kidogo. Nilichokijua ndicho kilichobadilika, na machozi yakahama kukifuata. Hapo nikaelewa kwamba mwandishi amezika kilio katika tabaka mbili, na kila tabaka linafunguka kwa ufunguo wake.

Yupo mtu mmoja tu ndani ya kisa anayezishika funguo zote mbili kwa wakati mmoja, naye ni Ecbert. Hirst amemwingiza katika umati wa Northumbria akiwa amevaa nguo za mtawa, asijulikane. Anakuja kutazama. Si mwuaji wala mwokozi. Anajua aliyoyaahidi, anamjua mtu anayekufa, na kati yao kuna marehemu wa tatu, Athelstan, yule mtawa waliyempenda wote wawili. Halafu anasimama pale bila kusema kitu. Ukimtazama Linus Roache, mwigizaji wake, hutaona machozi mengi. Utaona mtu anayelazimika kubaki kimya kwa sababu akijulikana ameharibu. Hiyo ndiyo nafasi ya mtazamaji, ndugu zangu. Sisi nasi tumekuja kwa siri, tunajua zaidi ya umati, na hatuwezi kunyoosha mkono. Aristotle alizungumzia huruma na hofu katika tanzia, sawa. Lakini hapa mwandishi ametuwekea mwakilishi kabisa, amemvua fahari yake na kumsimamisha jukwaani.

Kuna jambo lingine katika saga ya Kiaisilandi ya Ragnar, ya karne ya 13, ambalo tamthilia haikulitumia ipasavyo, nami nasikitika. Katika saga, Aelle anatuma wajumbe wapeleke habari za kifo kwa wana wa Ragnar na anawaagiza wamwangalie kila mmoja anavyopokea. Hakuna anayelia. Mmoja ameshika mpini wa mkuki, anaukaba kwa nguvu ya kutisha. Mwingine yuko kwenye mchezo wa bao lao, anaibana kete mpaka damu inachuruzika kwenye kucha. Wa tatu anajikata kidole kwa kisu hadi mfupani bila kujua. Ivar peke yake anakaa ametulia, anauliza maswali, anataka kujua kila jambo lilivyotokea, huku rangi ya uso wake ikibadilika. Wajumbe wanarudi, wanasimulia, na Aelle anasema wa kuogopwa ni huyo aliyeuliza maswali.

Nikilisoma hilo nawaona wale wajumbe kuwa ni wahakiki wa kwanza wa kifo cha Ragnar. Waliagizwa wasome hisia za hadhira, nao wakazisoma kwenye mikono, si machoni. Na Aelle hakukosea. Mwaka 867 aliuawa York, katika vita dhidi ya jeshi lile.

Niongeze jambo moja la kwangu, halafu niwaache. Babu yangu mzaa mama hakuwa mtu wa ibada. Aliwahi kuniambia mimi peke yangu, tukipalilia migomba, kwamba yeye hajui kama huko mbele kuna kitu, na kwamba haoni aibu kutojua. Lakini siku zake mbili za mwisho, mama na mama wadogo walipozunguka kitanda, aliomba waimbe, na yeye mwenyewe akawaambia kwa sauti aliyokuwa nayo kwamba anakwenda kupokewa na bibi, wasihangaike. Walifarijika sana. Mpaka leo wanasimulia jinsi mzee alivyokufa na imani. Mimi nilisimama mlangoni. Nilidhani ameogopa akageuka dakika ya mwisho, na kwa kweli nilimwona mdogo kidogo. Nilikuwa na miaka 16.

Sijui kama nililikumbuka hilo usiku ule bwenini, sikioni nikiwa na kipande kimoja cha spika na mwenzangu kingine. Nililikumbuka mara ya pili, mchana, nikiwa na daftari. Kwenye ukurasa ule, chini ya neno "hadhira", nimeandika jina lake.

Huyo mwenzangu wa spika, ambaye ndiye aliyenitangaza kantini, ameniomba jana nimpe sehemu ya 18, ile ambayo wana wa Ragnar wanamfikia Aelle. Nimempa. Nitakaa kitanda cha jirani nimwangalie mikono.