Je, Wajua? Maglor alilea watoto wa aliowashambulia

Katika The Silmarillion, kitabu cha J.R.R. Tolkien kilichochapishwa 1977 baada ya kifo chake, pacha Elrond na Elros wanalelewa na Maglor, mmoja wa walioivamia bandari ya kwao kudai kito kilichotengenezwa na baba yake, Fëanor. Mama yao, Elwing, alijitosa baharini nacho. Maglor, aliyechoshwa na kiapo cha kuvirudisha vito vya Fëanor, walichokula yeye, baba yake na ndugu zake sita, aliwahurumia watoto hao, na kidogo kidogo wakapendana. Inasikitisha kwamba hata upendo huo haukumvua kiapo: baadaye aliiba kito kingine, kikamuunguza mkono, akakitupa baharini. Tolkien mwenyewe alikuwa yatima tangu 1904, chini ya ulezi wa padri Francis Morgan.